Mrejesho: hofu yangu ya uchaguzi wa 2027

Asanteni nyote. Niliwaeleza kwamba tangu siasa zianze kupamba moto hapa Nakuru, Kenya, silali, nikikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, tulipotoroka usiku na godoro moja. Nimejiondoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile la matusi ya kikabila, na taarifa ya habari nasikiliza mara moja tu, saa moja jioni. Lakini kilichonisaidia hasa ni jirani, yule niliyekuwa namkwepa kwa sababu ya chama chake. Nilimpelekea sukuma wiki, akanikaribisha chai, akaniambia naye ana begi la nguo tayari chini ya kitanda. Tulilia sote. Agosti 10, 2027 tutapanga foleni pamoja. Begi langu sijalifungua bado, ila sasa nalala mpaka alfajiri.