Baipasi ya tumbo: daktari ashone kwa mkono au apige stepla?

Mleta mada:
Wakuu, dada yangu anajiandaa kwenda India kufanyiwa baipasi ya tumbo apungue uzito. Daktari kamweleza mengi kwa simu: siku za kulazwa, wiki za kunywa supu na uji mwepesi, vitamini za maisha. Alichoruka ndicho kinachoninyima usingizi. Huo utumbo atauungaje?

Kwa asiyejua, tumbo hukatwa, sehemu ya juu ikatengwa kuwa kifuko cha mililita 30 hivi, vijiko viwili vya chakula. Utumbo mwembamba unavutwa juu, unaungwa hapo. Muungo ukivuja, uchafu unamwagikia ndani. Tundu likisinyaa, hata maji yanarudi. Njia ni tatu: sindano na uzi, stepla ya mstari, ambayo huacha upenyo wa kumalizia, mara nyingi kwa uzi, na stepla ya duara, inayopiga pini na kukata tundu kwa mpigo mmoja.

Mimi ya duara naiogopa. Wittgrove na Clark wa Marekani, waliotangulia kufanya baipasi kwa matundu madogo bila kupasua tumbo wazi, walichapisha kazi yao 1994 wakitumia ya milimita 21, kichwa chake kikishushwa kupitia mdomoni. Muungo wa kipimo hicho husinyaa mara nyingi kuliko wa milimita 25. Isitoshe, chombo kikitoka kimeshagusa ndani ya utumbo, na pale kinapopita kwenye ngozi kidonda hutunga usaha mara nyingi zaidi. Halafu FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 za stepla za upasuaji kuanzia 2011 hadi Machi 2018, vifo 366 vikiwemo.

Hoja yangu: mgonjwa aambiwe njia kabla hajasaini.

Nesi mstaafu:
Mwanangu, hizo taarifa ni za upasuaji wa kila aina, si wa unene tu. Na si kila kosa ni la chombo. Pini fupi kwenye nyama nene hazijikunji vizuri, ndefu kwenye nyama nyembamba hazibani. Aliyechagua pini ni nani?

Ukiogopa stepla, unabaki na mkono. Mkono wa nani? Kushona huku unatazama skrini, umeshika vyuma virefu, ni kama kutunga shanga kwa vijiti. Aliyezoea, mshono unalala vizuri. Anayejifunza, saa zinakwenda na mgonjwa yuko usingizini.

Njia yoyote ile, sisi tulikuwa tunapima. Maji yanamwagwa juu ya muungo, hewa inapulizwa kwa mpira uliopita mdomoni, chumba kizima kimya tunatafuta mapovu. Fundi baiskeli na tyubu kwenye karai, hivyo hivyo. Povu likitoka, sindano inarudi.

Mpita njia:
Hamjagusa bei. Katriji ya stepla, yaani kibweta cha pini, inapigwa mara moja inatupwa, na upasuaji mmoja unakula kadhaa. Uzi ni wa bei nafuu sana. Ukiambiwa “ya kisasa”, omba mchanganuo wa bili.

Mleta mada:
Mama nesi, hapo kwa “mkono wa nani” umenishika. Lakini hujajibu: aambiwe au asiambiwe?

Nesi mstaafu:
Aambiwe. Ila akiishia kuuliza “mkono au stepla” atapewa jibu tamu la hotelini. Aulize daktari ameifanya njia hiyo kwa wagonjwa wangapi, wangapi walivuja, wangapi walirudi kupanuliwa tundu.

Mleta mada:
Dada anaongea tena na daktari Alhamisi. Maswali yote matatu keshayaandika nyuma ya kadi ya kliniki.