Negativu za mzee: JPEG au TIFF? Biti 8 au 16?

Mtoto wa Studio
Wakuu, habari zenu. Marehemu baba alikuwa na studio hapa Tanga. Katuachia boksi la viatu limejaa negativu, nyeusi na nyeupe, sentimita 6 kwa 6, kama 600 hivi. Nimeazima skana, nikaanza na JPEG, aina ya faili inayobana picha, maana diski yangu ndogo. Juzi nimefungua moja, bahasha imeandikwa "harusi 1974". Negativu yenyewe imefifia. Nilipoongeza mwanga kidogo tu, ukuta nyuma ya bibi harusi ukatoka michirizi kama mabati. Nikiishika negativu dirishani, ukuta laini kabisa! Nimekosea wapi? Na hiyo TIFF ya biti 16, aina ya faili kubwa zaidi, nitaiweka wapi?

Fundi Skana
Mkuu, JPEG uliyotumia ni biti 8: toka nyeusi hadi nyeupe ngazi 256 tu. Negativu iliyofifia haizitumii zote, pengine 60. Ukizivuta zienee, zinaachana, ndiyo michirizi yako hiyo. Biti 16 ina ngazi 65,536. Skana ya kawaida haizifikii zote, ila hata robo yake tu huoni mwanya.

Halafu skani kwa kijivu, si rangi. Kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa inchi, unapata pikseli kama 5,300 kila upande. Kijivu cha biti 16 ni MB 56. Rangi ni MB 168 kwa picha ile ile! Zote 600 ni kama GB 34, flashi ya GB 64 inatosha.

Kijana wa Ngamiani
Si azigeuze tu hizo JPEG ziwe TIFF, yaishe?

Fundi Skana
Chai ya maji ukiihamishia birika kubwa inabaki chai ya maji, mdogo wangu.

Bi Makavazi
Naunga mkono, ila kwa picha zilizokwisha safishwa kwenye karatasi mimi TIFF ya biti 8 inanitosha, tusitishane. Usibane kwa LZW, ile njia ya kupunguza ukubwa wa faili: kwenye biti 16 faili mara nyingi linanenepa. TIFF toleo la 6 ni la 1992 na mpaka leo inafunguka kila mahali, ndiyo maana naipenda. Zima ile kazi ya skana ya kunoa picha yenyewe. Jina la faili lifuate namba ya bahasha. Na flashi moja si hifadhi, mwanangu; weka nakala nyingine nyumba nyingine.

Mtoto wa Studio
Nimeirudia ile ya harusi usiku huu, kijivu, biti 16. Ukuta umetulia. Pembeni kuna kabati la vyombo, nilidhani kioo chake ni giza tupu. Nimeinua mwanga taratibu: miguu mitatu ya kamera, na nyuma yake suruali ya baba, ile pana ya chini. Shukrani, Bi na Fundi. Kesho naenda kununua flashi, mbili.