Ugumu wa fani ya chuo unapimwaje?

Swali
Wadau, orodha nyingi hupanga fani kwa ugumu zikitumia wastani wa alama za wahitimu. Mtu anayechagua fani aziamini?

Jibu 1
Hapana mkuu. Wastani huo unachanganya ugumu wa masomo, ukali wa wasahihishaji na uwezo ambao wanafunzi waliingia nao. Tena waliokwama mwaka wa kwanza wakahamia kwingine hawamo; unaona alama za waliobaki tu.

Anza na saa. Kwenye mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka ni krediti 60 na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo kwenye karatasi fani zote ni sawa. Zinapotofautiana ni kwenye saa zisizokwepeka: maabara, studio, wodi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai uuguzi uwe na saa zisizopungua 4600, angalau nusu yake wodini na kwa wagonjwa. Mwenye kibarua cha jioni atabanwa hapo hata kama darasani anaelewa vizuri.

Jibu 2
Angalia pia masomo yanavyotegemeana, jambo ambalo watu hulipuuza sana. Kwenye uhandisi, kalkulasi hufungua mekanika, na mekanika hufungua mengine. Ukifeli hadi sapu, yaani mtihani wa marudio, na somo linafundishwa mara moja kwa mwaka, mwaka umekwenda. Historia haikufungi hivyo, ila insha haina jibu la kujihakiki. Kosa unalijua alama zikishatoka.

Na ugumu si wa aina moja. Anatomia ni wingi: mifupa 206, kisha misuli, neva na mishipa. Hisabati ya uthibitisho ni kinyume chake, ukurasa mmoja unaweza kula siku nzima na kukariri hakusaidii kitu.

Jibu 3
Jipime hivi. Tafuta mtaala wa mwaka wa pili, maana wa kwanza mara nyingi ni wa utangulizi. Soma sura moja ya kitabu chake kwa wiki moja, kisha fanya maswali matano bila kuchungulia majibu. Usihesabu alama, tazama ulipokwamia. Ukikwama kwenye aljebra ya sekondari, hilo ni pengo la kuziba. Ukiwa umeelewa kila hatua lakini huvumilii kukaa na swali moja saa mbili, fikiria upya. Halafu iulize idara: kati ya walioanza pamoja, wangapi humaliza kwa wakati?