Nyie mnaofanya kazi kambini, usiku mnalala kweli?

vumbi_la_tarach
Habari zenu wakuu. Hili swali nimekaa nalo muda, leo acha niliandike tu. Niko Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Kenya, kitengo cha ulinzi wa watoto, mwaka wa tano sasa. Kazi yangu ni kusikiliza, mtoto kaja peke yake kutoka Sudan Kusini, msichana kaozeshwa kwa nguvu, najaza fomu, natafuta familia ya kumpokea, kesho ni mwingine. Zamani kesi ikiwa mbaya nalia chooni, nanawa uso, narudi. Siku hizi silii. Juzi mama ananisimulia mtoto wake alivyomfia njiani na mimi kichwani nahesabu fomu zilizobaki kabla gari halijaondoka. Nilijiogopa.

Usiku saa nane macho makavu kama mchana. Nikienda nyumbani Kitale mwanangu akimwaga chai nampigia kelele mpaka mama mkwe anatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Tangu Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada, nusu ya timu yetu wameachishwa na kesi zao tumegawana sisi tuliobaki. Mgao wa chakula nao ukakatwa, sasa unaenda kwa mtu kumwuliza habari za mtoto, yeye anakuuliza bamba chakula, ile pesa ya chakula ya kwenye simu, iko wapi, na ana haki ya kuuliza, na mimi jibu sina. Machi ile wakimbizi walipoandamana tulijifungia ndani ya kompaundi. Baadaye ofisi ikatutumia linki ya webina ya kujifunza kupumua. Kupumua jamani. Na mtandao ukakata dakika ya sita.

Sasa naomba mnisaidie, huu ni ugonjwa ama nimekuwa tu mtu mbaya? Na nikimwambia bosi si ndio watasema nimeshindwa kazi, na kontrakti inaisha Desemba?

nesi_wa_ziwani
Pole sana mdogo wangu. Mtu mbaya hajiulizi kama ni mbaya. Mkono ukiulalia unakufa ganzi, lakini mkono haujafa, umeubana tu. Wewe umejibana miaka mitano.

Mimi nilikuwa Kagunga 2015, Warundi walipokimbia. Kile kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, watu maelfu kwa maelfu wamelala kwenye mchanga wanasubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Liemba yenyewe haifiki ufukweni, mpaka mitumbwi iwapeleke kidogo kidogo. Halafu kipindupindu kikaingia. Sitasimulia yote, ila harufu ya klorini mpaka leo nikiisikia hospitali natoka nje kwanza.

Kilichotuokoa sisi si semina. Tulikuwa na incharge mmoja mkali kweli, dada wa makamo, huondoki zamu bila kukaa naye kwenye ndoo zilizogeuzwa mnywe uji. Anakuuliza vitu viwili tu, umekula? umelala? Ukisema hujalala siku mbili kesho hukuti jina lako wodini, anakupanga stoo uhesabu dripu. Tulikuwa tunamnunia sana. Sasa naona alikuwa anajua. Na kila mtu alikuwa na pea wake, ukiona mwenzako amenyamaza ghafla unamwambia yule dada, hakuna anayeita huo umbea. Ofisi yenu nani anauliza hayo maswali mawili? Kama hakuna anza wewe, usisubiri barua ya HR.

ushauri_nasaha
Naongezea kidogo maana ndiyo kazi yangu. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yao mpya ya magonjwa, ICD-11, kuchoka na kazi mpaka ukaisha hawakuiweka kama ugonjwa, wameiita hali inayotokana na kazi. Kwa hiyo kosa lisiwekwe lote kwako, angalia na hizo kesi mlizorithi. Ila kukosa usingizi wiki nyingi pamoja na hasira za namna hiyo, hapo muone mtaalamu, inaweza kuwa sonona au kiwewe na vyote vinatibika. Ukiwa Kenya namba ya bure ya Red Cross ni 1199. Na yakija mawazo ya kutotaka kuishi usisubiri R&R, zile siku za mapumziko nje ya kambi, piga siku hiyohiyo.

Kingine, mtu akikwambia mkae kikundi mara baada ya tukio kila mmoja asimulie yote aliyoyaona mwanzo mwisho, una ruhusa ya kukataa. Zamani ilipendwa sana, WHO wenyewe siku hizi hawaishauri. Atakayetaka kusema aseme, asiyetaka apewe maji na mahali salama.

Kwa bosi usiende na "nimechoka". Nenda na hesabu, mwaka jana nilikuwa na kesi kadhaa, leo ninazo mara mbili, hizi zipumzishwe au apewe nani. Hiyo ni hoja ya kazi, si udhaifu.

chaki_na_vumbi
Samahani lakini mnadeka. Gari la shirika, R&R kila baada ya wiki kadhaa, mshahara ambao mwalimu anausikia redioni tu. Mimi nina watoto 90 darasani, nani kaniuliza nimelala?

mkalimani_K1
Mwalimu una haki, wewe pia inabidi uulizwe. Lakini acha niseme na mimi maana huwa hatuulizwi kabisa. Mimi ni mkimbizi, nafanya insentivu, kazi ya posho ndogo wanayopewa wakimbizi, kama mkalimani hapahapa Kakuma. Kesi anayoisikia huyu dada mara moja mimi naisikia mara mbili, kwanza kwa lugha ya mama yangu, halafu naitoa kwa mdomo wangu, na mkalimani hasemi "anasema alipigwa", inabidi aseme "nilipigwa". Siku nzima mimi ndiye niliyepigwa, mimi ndiye niliyefiwa. Jioni gari linawarudisha kompaundi, mimi narudi nyumbani, na yule mama ni jirani yangu, tunapanga foleni moja ya maji. Mgao wake ukikatwa na wangu umekatwa. R&R sina, hata kutoka kambini nahitaji pasi. Sisemi kwa ubaya, dada vumbi, nimesoma tu nikaona acha niandike.

mutoto_wa_goma
Huyu mukalimani amesema yote. Huku Goma sisi wa maONG, mashirika ya misaada, ya hapa tulikuwa tunapeleka maji ku kambi ya Bulengo, kisha Januari 2025 vita ikaingia mu muji, na siye tukakimbia na watoto kama bale tulikuwa tunasaidia. Mwezi wa pili makambi yakavunjwa. Wageni walipanda gari kuvuka Gisenyi. Siwalaumu hata. Lakini ile siku tulirudi ku kazi, hakuna mutu alituuliza kama nyumba ingali inasimama.

vumbi_la_tarach
Nimesoma hapa mara tatu. Mkalimani, nimefanya kazi na mwenzako mmoja miaka mitatu, najua jina la mtoto wake na timu anayoshabikia, usingizi wake sijawahi kumwuliza hata siku moja. Nimeona aibu. 1199 nimepiga jana, tumeongea karibu saa nzima, nilianza kulia nikiwa nimeegemea tangi la maji, mlinzi akajifanya anafunga kamba za viatu. Hesabu za kesi naandaa wikendi hii, bosi namwona Jumatatu. Nesi, uji tumekubaliana Jumatano, mimi, mkalimani wangu na dereva, kabla gari halijatoka.

mkalimani_K1
Jumatano sawa, kama huyo mkalimani wako ndiye mimi ninavyodhani 😂 Ila sukari lete wewe, kwangu iliisha tarehe nne.