Notsi za kozi: kulipia leseni kwa kichwa, kuchukua za bure au kuandikisha zetu? Wenye uzoefu njooni

Fundi_Mitaala
Wakuu habari zenu. Tuna chuo cha ufundi cha binafsi, tunafungua kozi mpya na wiki ijayo natakiwa niwe nimeshaamua notsi zinatoka wapi. Njia ziko tatu: kulipia leseni kwa mchapishaji, kwa kichwa cha mwanafunzi kila mwaka, au kuchukua zile za bure mtandaoni zenye alama ya CC (Creative Commons, yaani mwandishi ameruhusu watu watumie kazi yake kwa masharti), au kumlipa mwalimu atuandikie za kwetu. Bosi anataka za bure, anasema bure ni bure. Ipi bora?

Cherehani_Moja
Kozi gani? Wanafunzi wangapi? Mnawapa karatasi au mnaweka mtandaoni? Mtazibadilisha au mnazitumia kama zilivyo? Yaani umekuja kama mteja anayeuliza gauni linataka mita ngapi na hasemi ni la nani.

Kalamu_Kavu
Na CC ipi? Ziko sita mkuu, sio moja. BY unamtaja mwandishi basi, hata kuuza unauza. BY-SA ukiibadilisha toleo lako nalo litoke kwa leseni hiyohiyo. Yenye NC ndani, biashara hapana. Yenye ND usigawe uliyoibadilisha. Angalia ukurasa wa pili au wa mwisho, chini kabisa, huwa wameandika kwa herufi za sisimizi.

Fundi_Mitaala
Samahani wadau niliandika haraka. Ni umeme wa majumbani na uchomeleaji, kundi la kwanza kama watu 60, tunawapa kitini cha karatasi. Nimeangalia imeandikwa BY-NC-SA 4.0. Ila sisi tunatoza ada ya mafunzo tu, kitini wanapewa, hatukiuzi. Si hiyo sio biashara?

Saketi_Fupi
Sio biashara hiyo, tulia. Marekani kuna mchapishaji anaitwa Great Minds aliwashtaki FedEx Office kwa sababu walikuwa wanafotokopi vitabu vyake vya NC kwa malipo, akashindwa rufaa 2018. Akahamia kwa Office Depot, 2019 akashindwa tena. Duka linakunja hela kwa kila kopi na bado mahakama ikasema poa, sembuse wewe unayegawa bure.

Kalamu_Kavu
Saketi umesoma nusu. Zile kesi waliokuwa wanatumia vitabu ni shule za umma, duka lilikuwa mkono wao tu wa kubonyeza mashine, ndio maana likapona. Hapa anayetumia ni chuo cha faida chenyewe. Leseni inaangalia matumizi, kama yamelenga hasa faida ya kibiashara au malipo ya fedha, haijali umejiita chuo au duka. Kitini kilichomo ndani ya ada mimi sikiiti bure. Wapo wanaobisha, sawa, lakini unataka kuendesha chuo juu ya ubishi? Muandikie mwenye notsi umuombe ruhusa ya kibiashara, wengi wanajibu, na leseni ya NC haimzuii yeye kukupa ruhusa nyingine pembeni.

Saketi_Fupi
Haya mwanasheria.

bado_nipo
Mbona mnajichosha, sisi tunatumia Moodle na ni bure kabisa, wekeni humo notsi yameisha.

Cherehani_Moja
@bado_nipo Moodle ni programu, ndiyo yenye leseni huria ya GPL. Notsi utakazoweka humo zina mwenyewe. Kabati kupewa bure hakufanyi nguo za ndani kuwa zako.

Mama_Notsi
Mimi naomba niongelee hiyo njia ya tatu maana wote mnaipita. Tulikuwa na mwalimu wa umeme, kijana mzuri, tukamlipa pembeni atuandikie kitini kizima, makubaliano ya mdomo, hela mkononi. Akaandika vizuri sana kurasa mia na kitu na michoro kwa mkono wake. Mwaka wa pili akahama akaenda chuo jirani, na kile kitini akaenda nacho. Tukaja juu tukamwambia ni mali yetu tumelipia, akatujibu kwa upole tu, nionyesheni karatasi niliyosaini. Hatuna. Tulipomuuliza wakili ndio akatufumbua macho, kwamba kwa nchi nyingi mtu wa nje usiyemwajiri hakimiliki inabaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi, wewe umelipia kazi, hujalipia haki. Kumbe aliyekuwa ameazimwa kitini ni sisi! Ikabidi tuandike upya. Na sasa sikieni hii, yule aliyetuandikia upya alinakili, tulimkamataje, kwenye mchoro wa swichi ya ngazi yule wa kwanza alikosea akaandika "waya wa athri" badala ya "arthi", na kwenye kitini kipya "athri" ipo palepale kona ya kulia chini. Nililia. Kwa hiyo Fundi, ukiandikisha, mkataba kwanza kalamu baadaye, useme haki zote zinahamia chuoni, na michoro itajwe, na akiahidi ni kazi yake mwenyewe asaini hilo pia.

Saketi_Fupi
Pole Mama. Ila si umeme ni uleule? Sheria ya Ohm haina mwenyewe.

Kalamu_Kavu
Hapo kwa mara ya kwanza leo umepatia. Hakimiliki haishiki wazo wala njia ya kufanya kazi, inashika namna ulivyoiandika na kuichora. Hata TRIPS ya 1994, ule mkataba wa kimataifa wa hakimiliki na biashara, unasema hivyo kifungu cha 9. Fundisha swichi ya ngazi utakavyo, ila mchoro chora wako.

bado_nipo
Kwa hiyo nikibadilisha maneno mawili matatu nimemaliza

Kalamu_Kavu
Hapana!!

Mkonge
Mimi bado nasema nunua leseni ulale, kanuni za umeme zikibadilika anahangaika mchapishaji. Ila soma mkataba, uliza mkataba ukiisha wanafunzi walioko katikati ya kozi wanaendelea na notsi au mnawanyang'anya, na kama mnaruhusiwa kuchapa au ni kusoma kwenye skrini tu. Wengi wanakupa skrini tu halafu wewe una watu 60 karakanani na glavu mkononi.

Fundi_Mitaala
Asanteni sana. Hilo la karatasi sikuwa nimeuliza, naona mkataba wao unasema "kutazama" haujasema kuchapa. Halafu nimefungua zile za bure, nikakuta kuna michoro imetajwa imetoka Wikipedia. Hiyo haina shida au?

Kalamu_Kavu
Wikipedia maandishi yake ni BY-SA, michoro kila mmoja una leseni yake, bonyeza uone. Ukishakuwa wa BY-SA usiuchanganye na BY-NC-SA kutengeneza kazi moja mpya, hazipatani, kila moja inadai mtoto arithi jina lake. Uweke kando kama ulivyo na utajo wake. Na kama kuna kosa mmeshalifanya, kwa toleo la 4.0 ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, leseni inarudi yenyewe.

Fundi_Mitaala
Na picha ya mashine ya kuchomelea yenye nembo ya kiwanda, hiyo hawajataja imetoka wapi.

Mama_Notsi
Itoe hiyo. Piga ya kwenu kwa simu, karakana si mnayo?

Fundi_Mitaala
Karakana ipo, mashine ndio bado hazijafika.

Cherehani_Moja
Subiri. Kundi la kwanza la uchomeleaji linaanza lini?

Saketi_Fupi
😂😂 Fundi njoo ujibu. Halafu mmeagiza inveta au zile za transfoma za zamani? Maana zile zamani mimi nina maneno yangu