KattenKabinet, makumbusho ya paka Amsterdam: masaa 9 ya kusubiri ndege yanatosha?

MamaChui
Habari za humu wakuu. Natoka Kilimanjaro kwenda Toronto kupitia Amsterdam. Tunatua saa 1 asubuhi, ndege ya pili inaondoka saa 10 jioni. Niko na binti yangu wa miaka 12, mpenzi wa paka kupita kiasi, anataka tufike KattenKabinet. Viza za Schengen tunazo. Muda unatosha? Usafiri ukoje? Na ndani kuna cha kumvutia mtoto au ni picha tu ukutani?

Mzee wa Lebo
Dada, muda upo. Kwanza tazama stika ya viza: aina C inakuruhusu kutoka nje, aina A ni ya kupita ndani ya uwanja tu na haikutoi Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Pili, mizigo mikubwa ifungwe lebo ya YYZ (uwanja wa Toronto) huko huko Kilimanjaro, ili msiikute tena hadi Toronto. Mabegi ya mkononi yaacheni kwenye makabati ya kulipia pale Schiphol, maana nyumba ya makumbusho ni ya zamani, haina nafasi ya kuburuta begi.

Weka saa moja na nusu kwa foleni ya uhamiaji, na saa 8 mchana muwe mmesharudi uwanjani. Zingatia saa za kule lakini: majira ya joto Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa 1, majira ya baridi kwa saa 2. Simu isipojirekebisha, hesabu yote inaharibika. Siku moja kabla, angalia kwenye tovuti ya makumbusho siku na saa za kufungua. Mkikuta wanafungua saa 6 mchana, asubuhi tembeeni kando ya mifereji kwanza, muwe mlangoni saa 6 kamili.

Reli na Tramu
Treni ya Schiphol hadi Amsterdam Centraal, kituo kikuu cha treni, ni kama robo saa. Hapo pandeni tramu namba 2, mshuke Koningsplein, mfuate mfereji wa Herengracht kuelekea Vijzelstraat huku namba za nyumba zikipanda hadi 497, ndiyo ya makumbusho. Namba witiri ziko ng'ambo moja na shufwa ng'ambo nyingine, kwa hiyo angalieni mko upande gani kabla hamjaenda mbali.

Malipo ni kwa kadi ya benki ya kugusisha, ukipanda na ukishuka. Watu wengi hukosea hapa. Kila mtu awe na kadi yake, kadi moja haibebi wawili. Ya mtoto kama haipo, mnunulie tiketi. Ukigusisha simu wakati wa kupanda kisha kadi ya plastiki wakati wa kushuka, mashine inahesabu wasafiri wawili ambao hawakumaliza safari, na unakatwa zaidi, hata kama akaunti ni moja.

Chapa ya Mawe
Kuhusu ndani: mwambieni mtoto kisa kabla hamjaingia, atafurahia mara mbili. Makumbusho yalifunguliwa 1990 na Bob Meijer kumkumbuka paka wake mwekundu, John Pierpont Morgan, jina la yule mwenye benki wa Marekani. Paka huyo alikuwa akipewa zawadi za sanaa, na mojawapo ni noti ya dola yenye sura yake na maneno "We trust no dog", yaani mbwa hatumwamini. Itafuteni.

Kilicho bora kwangu ni mabango ya mchoraji Steinlen, hasa la Chat Noir (Paka Mweusi) la 1896. Sogeeni karibu mtazame rangi: chapa ya mawe (lithografia, yaani kuchapa kutoka kwenye jiwe lililochorwa) huacha chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki juu ya ukuta. Kisha linganisheni na nakala zinazouzwa madukani, ambazo ukizikuza kwa kamera ya simu utaona nukta zilizojipanga sawasawa. Mkifanya hivyo, mtoto atajua kutofautisha chapa ya zamani na nakala maisha yake yote. Msipige picha kwa mwako wa kamera (flash). Wino na karatasi za umri huo huchujuka kwa mwanga. Inueni macho pia kwenye dari, nyumba ni ya karne ya 17 na vyumba vyake vimetunzwa. Saa moja inatosha.

MamaChui
Asanteni sana. Je, paka hai wapo? Binti hupiga chafya akikaa nao muda mrefu.

Nyau wa Pwani
Wapo, wanaishi humo humo na hulala popote, hata kitini. Binti atumie dawa yake ya mzio kabla ya kuingia, asisubiri chafya ianze, na asijipanguse macho mpaka anawe mikono. Asimnyanyue paka. Achuchumae, anyooshe kidole chini ya usawa wa pua ya paka, naye akikisugua kwa shavu ndipo amguse kichwani. Paka akikung'uta mkia, amwache.

Kuna pia De Poezenboot, boti ya kulea paka waliotupwa, kwenye mfereji wa Singel, si mbali na Centraal. Ilianza miaka ya 1960. Hupokea wageni masaa machache mchana na si kila siku, kwa hiyo kwa ratiba yenu mtaiona kwa nje tu, mkirudi kituoni kwa miguu.