Watu 22 tu ufukweni Kigamboni: hoteli inanilipisha watu 80, ukoo nao umeshaunda kamati

Wakuu, naanza na hesabu ili hasira zangu mzielewe.

Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Septemba, ufukweni Kigamboni, watu 22. Siyo ile 22 ya kwenye karatasi halafu siku yenyewe wanafika 60. Ni 22 kwa majina: wazazi wa pande zote mbili, ndugu tuliozaliwa nao na wenza wao, bibi yangu, mjomba, shehe na marafiki wachache ambao hata wazazi wanawaita wanangu. Hakuna MC. Hakuna meza kuu. Hakuna kuingia kwa madoido na muziki. Shehe aozeshe baada ya Alasiri, tule, tupige picha na bibi, watu wawahi kivuko. Kigamboni tumeichagua kwa ajili ya huyo bibi, maana boti ya Unguja haiwezi na Tanga ni mbali kwa mgongo wake.

Sasa hoteli. Jina silitaji, na msiniulize. Nimepiga simu, nikasema neno "ndoa", dada wa mapokezi akanihamishia kwa "mratibu wa matukio". Mratibu ananiambia pakeji ya ndoa inaanzia watu 80, sahani moja 55,000. Nikamwambia sisi ni 22. Akajibu kwa sauti laini kabisa: "Hamna shida dada, mnaweza kuja 22, ila mtalipia 80."

Yaani nilipe 4,400,000 wakati walaji wangu ni wa 1,210,000. Hiyo 3,190,000 inayobaki ni ya watu 58 ambao hawapo, hawajazaliwa, hawana majina, ila wanakula kuku wa nazi kwa hela yangu. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18, na hiyo VAT inapigwa kwenye jumla yote, kwa hiyo hata wale mizimu 58 nawalipia kodi.

Jioni ileile mdogo wangu akapiga simu hotelini hapohapo, tarehe hiyohiyo, akasema ana chakula cha familia, watu 22, mezani kwenye bustani upande wa bahari. Kwa mtu 35,000, hakuna kima cha chini, "karibuni sana". Mpishi ni yuleyule, sahani ni zilezile, kuku ni yuleyule! Kilichobadilika ni kwamba mdogo wangu hakusema anaolewa.

Tungeenda kimyakimya na bei ya mdogo wangu, ila mchumba wangu alikuwa ameshalipa advansi ya pakeji, kwa sababu aliambiwa tarehe inagombewa. Na hiyo advansi waliitaka kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Risiti ya EFD tukiuliza tunaambiwa itatoka tukimaliza malipo yote.

Kwenye karatasi ya bei kuna vituko vingine. Mpiga picha asiye wao, 200,000. Droni, 150,000, wameandika "kibali". Kibali cha kurusha droni nchi hii kinatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, siyo na meneja wa hoteli, na droni yenyewe hatuna mpango nayo. Halafu kuna "ada ya ufukwe", 300,000. Ufukwe wa nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mchanga ule hawana hati nao. Wavuvi wanapita pale kila asubuhi na madema yao na hakuna anayewauliza ada. Viti nalipia, kivuli nalipia, mtu wa kufagia mwani nalipia. Mchanga hapana.

Pakeji yenyewe inaitwa "Machweo Baharini". Nimecheka kwa uchungu. Ufukwe wa Kigamboni unatazama mashariki, jamani. Jua pale linatoka baharini, halizami baharini. Jioni linazama nyuma ya hoteli, upande wa jenereta na tenki la maji. Ile picha ya kwenye tangazo lao, wachumba na jua jekundu juu ya maji, ama ni alfajiri ama haikupigwa Kigamboni.

Lakini kilichonifanya nije kuandika huku ni simu ya mjomba.

Mjomba wangu ni mvuvi Tanga tangu ujana wake. Nilimpigia kumpa tarehe, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa kumi jioni, mchangani. Hakunipongeza kwanza. Aliuliza, "Siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi, mwanangu?" Mimi najuaje mwezi wa ngapi, naishi Sinza. Nikaangalia kwenye simu, nikamwambia ni mwezi mpevu. Akanyamaza kidogo. "Basi hilo ni bamvua. Kwa mwambao wetu huu, bamvua maji yanajaa saa kumi. Hivyo viti mtaviweka wapi?"

Sikuelewa, akanifafanulia. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari inajaa sana na kupwa sana, na kwa pande zetu kujaa kwake kunaangukia kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa saa nne asubuhi, tena kwa upole, hayapandi juu. "Nenda kaangalie ukuta wa hoteli," akasema, "utaona alama ya maji yanapofika."

Tumeenda kuangalia. Alama ipo, juu ya ngazi ya pili ya zile ngazi za kushukia ufukweni. Yaani mahali meneja aliposimama akatuonyesha kwa mkono "hapa shehe, hapa wazazi, hapa maua", siku ile saa ile samaki wanapita. Bibi yangu wa miaka themanini na kitu angekaa kwenye kiti cha plastiki kilichozungushiwa kitambaa cheupe, mawimbi yanamlamba miguu!

Nikamuuliza meneja. Hakushtuka hata kidogo, ndipo nikajua anajua siku zote. Akasema: "Maji yakisogea huwa tunawahamishia ukumbi wa juu." Ukumbi wa juu una bei yake, 1,500,000, haumo kwenye pakeji. Mmeona mtego? Wanakuuzia mchanga, bahari inakufukuza, wanakuuzia ukumbi. Ukumbi wa watu 80, tukae 22 kwenye kona moja tukitazamana na viti vitupu.

Nikamwomba jambo moja jepesi: turudishe nyuma wiki moja, Jumamosi ya tarehe 19, mwezi nusu, saa nne asubuhi. Maji yamejaa yametulia, ufukwe upo, jua liko juu ya bahari, siyo nyuma ya tenki. Nikah asubuhi ni jambo la kawaida kabisa, na shehe ameshakubali. Jibu: pakeji ni ya jioni tu, na kubadilisha tarehe ni sawa na kuahirisha, advansi inapotea.

Hapo ndipo nilipotaka kumrushia karatasi yake. Mchumba wangu akanishika mkono.

Na nyumbani nako hakukaliki. Baba mdogo amefungua grupu la WhatsApp bila kutuuliza. Jina: KAMATI YA HARUSI, na emoji za pete. Nimeingizwa nikiwa kazini, nakuta kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na viwango vya kadi vimeshatangazwa: mmoja 100,000, wawili 150,000. Watu wanaandika ahadi, wengine wameshatuma. Kwa harusi ipi? Nikaandika kwa adabu zote, "Shikamooni wazee wangu, tunashukuru kwa moyo wenu, ila sisi tunafanya ndogo na gharama tumejitosheleza." Baba mdogo akajibu kwa sauti ya kurekodi, dakika nne nzima, kwamba ndoa ya kujificha ukoo hauitambui.

Ndoa ya kujificha! Baba yangu mzazi, ambaye ndiye walii wangu wa kuniozesha, yupo na ameridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka tutoe taarifa kwa msajili siku 21 kabla, ridhaa yetu, mashahidi wawili, mfungishaji mwenye leseni. Tunavyo vyote. Kuhusu MC na keki ya ghorofa tano sheria imekaa kimya.

Mtu pekee ambaye simjibu ukali ni mama. Mama ana daftari. Limeandikwa miaka yote, nani alioza lini, yeye alichanga kiasi gani, vitenge vya sare, sufuria za kitchen party, mpaka misiba. Kwake hii ya kwangu ndiyo zamu yake ya kurudishiwa, na mimi namnyima. Sina jibu zuri la hilo. Nimemwambia wiki inayofuata apike pilau nyumbani, aite watu wake wote, nitakuja nikae nivae atakachotaka. Amesema atafikiria. Mama yangu akisema atafikiria maana yake ameshakataa ila ananihurumia.

Ila baba mdogo kutoka kwenye hela za watu amempa MC kishika nafasi cha 400,000, kwa sherehe isiyokuwepo. Sasa nani anarudisha? Ananiambia nimrudishie mimi.

Ninachoomba kwenu, wenye uzoefu tu tafadhali, wa "olewa uone" wapite pembeni:

Kuna aliyewahi kurudishiwa advansi na hoteli kwa hoja kwamba eneo walilokuuzia halitumiki kwa saa waliyokupangia? Ujumbe wa meneja akikiri maji yanafika ukutani ninao kwa maandishi. Na je, advansi isiyo na risiti nianzie TRA au wapi?

Nani anajua sehemu Kigamboni, au hata upande wa Bagamoyo, wanaopokea watu 22 asubuhi ya tarehe 19 kwa bei ya chakula cha kawaida? Nitumieni kwenye PM, msiweke majina hapa.

Na mliowahi kuvunja kamati iliyokwisha kukusanya michango, mlianzaje? Meneja anataka jibu Ijumaa, na baba mdogo ameitisha kikao cha pili Jumapili hii nyumbani kwake. Ajenda ya kwanza ni rangi ya sare.